Blanketi Nililokufunika Kule Kitale

Mzee Inspekta,

Nimeketi kwenye meza ya kulia chakula hapa nyumbani Kitale, Jumapili mchana, nimetoka kanisani sasa hivi, na kalamu niliyo nayo inakatika wino kila mstari wa tatu. Ungekuwa hapa ungesema, "Barasa, hata kalamu huwezi kukagua?" Siwezi, Mzee. Nilifanya kazi chini yako miaka kumi na minne kwenye ghala la mahindi, ukanifundisha kutambua punje mbovu gizani, na bado nanunua kalamu kwa kuangalia uzuri wa kifuniko.

Tulikuzika Bokoli wiki mbili zilizopita. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kuna maneno yalisemwa kando ya kaburi lako, ya uongo, na mimi niliyeutengeneza uongo huo nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nikanyamaza. Binti yako Nanjala aliyasikia na kuyaamini. Kesho naenda kwake Bungoma. Lakini kabla sijaongea na yeye, acha niongee na wewe, kwa kuwa wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Miaka saba ulikuwa hai, unakuja kwangu, unakunywa chai yangu na kuisema vibaya, na sikupata kufungua mdomo.

Basi, mazishi. Watu walikuwa wengi sana. Usijisifu; na chakula kilikuwa kingi. Kamati ya mazishi ilikuwa ile ile kamati ya harambee yako ya kuchangia matibabu, ila matumbo yameongezeka. Mwenyekiti alikuwa yule yule Makokha mwenye bucha. Nyama ilitoka buchani kwake na maombi yakatoka kinywani mwake, na vyote viwili vilikuwa na mafuta mengi. Kila msemaji alisema hatasema mengi, kisha akasema mengi, juu yake mwenyewe.

Halafu Bwana Matrekta akapewa kipaza sauti. Ndiyo, yule mkulima mkubwa wa kule Kwanza, nje ya mji wa Kitale. Alikuja na gari jipya na sauti ile ile. Akasema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Huyu mzee mliletewa akiwa hai kwa sababu yetu. Sisi tulimpokea Kitale akiwa amefungwa blanketi, hawezi kusimama, macho yamegeuka. Watu wake wenyewe walikuwa wamekata tamaa. Tukamwinua. Hii miaka saba mliyokula naye, ni sisi." Na watu wakapiga makofi. Mzee, umewahi kuona mtu akipigiwa makofi mbele ya jeneza la mwenzake? Mimi nimeona. Nilikuwa nimeshika karatasi ya historia yako, ile niliyoiandika mwenyewe na kuisoma dakika chache kabla, yenye sentensi moja tu juu ya ugonjwa: "Alipougua, watu wema wa Kitale walimchangia." Watu wema! Mkono wangu ndio ulioandika hivyo.

Baada ya kaburi kufukiwa, Nanjala alinijia. Unamjua akilia, hapigi kelele, pua inakuwa nyekundu tu. Akasema, "Kaka Barasa, mimi sikujua baba alifika hapo. Nilikuwa chuoni nafanya mitihani, mkaniandikia ati anaendelea vizuri. Kwa nini hamkuniita nije nimbebe? Mtu wa mbali ndiye ananiambia leo ati watu wake walikata tamaa." Alikuwa anajilaumu, Mzee, kwa siku ambayo haikuwako. Na mimi, shujaa wako, nikamwambia, "Pole, dada," kisha nikaenda kuuliza kama chai imeiva.

Ndiyo maana naandika. Acha nianze mwanzo, unisahihishe nikikosea.

Ulikuwa umestaafu mwaka mmoja tu ulipokuja ghalani kufuatilia karatasi za pensheni, na ukaketi kwenye gunia. Hapo nilijua kuna jambo. Miaka yote hiyo sikuwahi kukuona ukikalia mahindi ya watu. Daktari akasema ni moyo, mlango mmoja haufungi sawasawa, na lazima upasuliwe Nairobi, na mapema. Bei yake ukaniambia wewe mwenyewe ukicheka: "Pensheni yangu yote inatosha mlango wa choo. Huo mwingine tutafute."

Tukaunda kamati. Mimi nikawa katibu kwa sifa moja, nilikuwa na daftari. Tulikutana Jumamosi nne kwenye chumba cha nyuma cha bucha ya Makokha, na nikuambie sasa tulichojadili, kwa sababu wakati ule nilikudanganya kwamba tunafanya kazi. Jumamosi ya kwanza tulijadili rangi ya kadi za mwaliko. Ya pili, nani ataketi karibu na mgeni wa heshima. Ya tatu, kama mgeni wa heshima anakula kuku au mbuzi. Neno "moyo" lilitajwa mara moja, na lilikuwa moyo wa mbuzi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Bwana Matrekta, kwa sababu alikuwa na matrekta matatu na hakuna aliyekuwa na manne. Nikawakumbusha kamati kwamba huyu ndiye uliyemrudishia lori. Sote wa ghalani tuliiona siku ile. Ulitia mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, ukatoa punje, ukaiuma, ukaitema kiganjani, ukamwambia dereva, "Rudisha yakauke. Haya yataota ukungu na kuna watu watayala." Akaja mwenyewe na bahasha. Ukaishika hivi kwa vidole viwili mbele ya wakulima wote waliokuwa foleni na mikokoteni yao, ukamrudishia ukisema, "Na hii pia ina unyevu." Wakulima walicheka mpaka punda wakashtuka. Nilipokuambia ndiye tumemwita, nilidhani utakataa. Ukasema, "Mwite tu. Mahindi yake yalikuwa na maji. Pesa zake zimekauka."

Jumamosi ya nne ndipo uchafu ulipoingia, na uliingia kwa heshima zote, baada ya maombi. Makokha akasema, "Jamani, watu wa hapa hawatoi pesa kwa karatasi ya daktari. Wanatoa kwa macho. Mgonjwa aje kimgonjwa." Akaeleza: usinyoe ndevu siku nne, ufungwe blanketi, Mama Nanjala akushike upande huu, mwingine upande ule, na ukisalimiwa usijibu haraka. Alitoa mfano wa mama mmoja aliyeletwa kwenye harambee nyingine akiwa juu ya godoro, ati saa moja tu kapu likajaa. Alikuwa anazungumza kama mtu anayeeleza jinsi ya kuning'iniza mguu wa ng'ombe dirishani. Hakuna aliyepinga. Nami sikupinga, niliandika. Bado ninalo lile daftari. "Imekubaliwa mgonjwa aje na blanketi." Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Wakanituma kwako Bokoli. Na kwa kuwa kamati haikukubaliana nani atatoa blanketi, nilibeba la kitandani kwangu, lile la kijivu lenye mistari myekundu.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Nilifikiri utanifukuza. Uliniangalia tu kama ulivyokuwa ukiangalia gunia lililoshonwa upya mdomo. "Barasa," ukasema, "miaka ishirini na minane nimetoa mawe kwenye magunia ya watu. Leo unataka nitie mawe kwenye langu?" Ukanirudisha na blanketi langu na mkungu wa ndizi.

Lakini kuna jambo hukuliona. Mama Nanjala alinisindikiza mpaka barabarani. Hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, huyu mzee wako atakufa akiwa amenyoa vizuri. Nisaidie." Alinishika mkono wa shati akiomba huo msaada, akauachia, akarudi ndani.

Siku yenyewe, uwanja wa shule ya msingi, mahema mawili. Na wewe, Mzee, ukaja vile ulivyokuja. Suti ya kahawia. Tai. Kofia ile ya sherehe. Viatu vinaweza kutumiwa kama kioo. Ndevu hata moja haikuwako. Nisamehe nikikutania, lakini mabwana harusi wengi wa Trans-Nzoia hawajawahi kufika hapo. Ulishukia langoni na ukakataa mkono wa mtu yeyote. Kutoka langoni mpaka hemani si mbali, na ulisimama mara tatu. Mara ya kwanza ukasoma tangazo ukutani. Ya pili ukamsalimia mlinzi na kumwuliza habari za watoto. Ya tatu ukasifu baiskeli ya mtu. Mimi ninayejua kwamba hujawahi kusifu kitu chochote maishani mwako nilijua ulikuwa unatafuta pumzi. Wengine waliona mzee anatembea polepole kwa raha zake.

Na wakaanza. Nilikuwa katikati yao, nilisikia yote. "Ati mgonjwa ni nani? Yule wa kofia?" "Wacha, bana. Huyo si ndiye mgeni wa heshima?" "Moyo gani huo? Mimi nikivaa suti kama hiyo napona leo." Kuna mmoja aliyekuwa ametoa noti, akaikunja, akairudisha mfukoni, akatafuta sarafu.

Halafu ukapewa nafasi ya kusalimia watu. Ulisimama wima. Ukasema, "Mnanijua wengi wenu, nimekagua mahindi yenu. Mlango mmoja wa moyo wangu haufungi. Nikitibiwa nitashukuru. Asiyekuwa nacho asijisumbue." Ukaketi! Mzee wangu mpendwa, ni nani aliyekufundisha kuomba? Uliwapa ruhusa ya kutotoa, na wakaipokea kwa mikono miwili. Kapu lilizunguka likarudi jepesi kama lilivyotoka.

Walichofurahia ni mnada wa jogoo. Makokha alikuwa wa kwanza kulipia, akamrudisha auzwe tena. Bwana Matrekta akalipia zaidi, akamrudisha. Wakawa wanashindana, wanasimama, wanatazama kama watu wanawatazama. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika. Jogoo yule aliijua kazi kuliko wewe: miguu imefungwa, kichwa chini, jicho linazunguka. Alipata pesa nyingi kukuzidi. Na wote waliomlipia hawakuacha hata senti nyingine kwa ajili yako wewe uliyeketi hatua tano kutoka pale.

Kisha hotuba. Bwana Matrekta akasimama, akakutazama kutoka viatu mpaka kofia, akasema, "Niliambiwa nije kuona mgonjwa. Naona bwana harusi." Kicheko. "Zamani huyu mzee alikuwa ananiambia, nenda ukakaushe. Leo mimi namwambia: mzee, wewe umekauka vizuri kabisa, uko tayari kwa ghala!" Mzee, hata pasta aliyetuombea alicheka. Wakulima wale wale waliomcheka yeye siku ya bahasha, walikucheka wewe. Yule mtu alilitunza tusi lake miaka yote hiyo kama mbegu, akaja kulipanda siku ambayo ulihitaji kupumua. Akatoa kidogo, akaahidi kingi, akaketi. Wewe ulitabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililonivunja.

Makokha akaninong'oneza kilichopatikana. Kingetosha nauli tu ya kwenda Nairobi na kurudi. Nikamwangalia Mama Nanjala. Yeye alikuwa ananiangalia mimi tangu zamani.

Blanketi lilikuwa kwenye mfuko chini ya meza ya katibu. Kwa miaka saba nimejiambia sijui kwa nini nililibeba siku ile. Nilijua.

Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, "Ndugu zangu, mnaona suti. Hamkuona ya asubuhi." Na nikaanza kutunga. Nikasema ulianguka ukaokotwa sakafuni. Nikasema wanaume watatu ndio waliokuvika, na umechomwa sindano ya kukusimamisha saa moja tu. Nikasema daktari amekupa siku kumi. Hata machozi yalinitoka, na hayo, ajabu, yalikuwa ya kweli. Kisha nikaja pale ulipoketi, nikakufunika blanketi juu ya suti. Na nikakuvua kofia.

Mkono wako uliinuka kuidaka kofia. Nauona mpaka leo. Ulifika hapa, karibu na sikio. Halafu ukamwona Mama Nanjala, jinsi alivyokuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili, na mkono ukashuka. Ukainamisha kichwa. Wewe uliyekataa bahasha mbele ya foleni nzima, ukakubali uongo wangu mbele ya foleni nzima, kwa sababu ya mke wako, na labda kidogo kwa sababu yangu, ili nisionekane mwongo.

Na pesa zikaja! Walipanga foleni. Wanawake wakalia. Yule wa sarafu akatoa noti yake, na nyingine. Bwana Matrekta akaja na kitabu cha cheki, akamwambia mpiga picha angoje kwanza aandike, kisha akakuinamia akakushika bega, picha ikapigwa. Makokha akaniambia sikioni, "Sasa umeielewa kazi, katibu." Sijawahi kusifiwa kwa neno chafu kama hilo.

Nawadharau, Mzee. Nimejaribu kuacha, kanisani nimeombewa, sijaweza. Uliwaambia ukweli kwa kinywa chako, umesimama, umevaa vizuri kwa kuwaheshimu wao, na hawakukuamini. Walipokuona umeinama ndipo wakakupenda. Hawakutoa pesa ili upone. Walilipia kukuona chini. Nami nawadharau nikijua kwamba aliyewauzia ni mimi, na kwamba bila kuwauzia ungekufa. Hapo ndipo hesabu yangu inakataa kila siku.

Ulipasuliwa. Ukapona. Mwezi wa tatu baada ya Nairobi ulikuja kwangu, kwa miguu yako kutoka steji ya magari, ukaniwekea blanketi mezani. Lilikuwa limefuliwa, limekunjwa pembe kwa pembe. Ukasema neno moja: "Limekauka." Ukaomba chai. Nilikaa nikingoja utukane. Kila ulipokuja nilingoja. Ulipanda maharagwe, ulimwozesha Nanjala, ulikuja kunikagulia mahindi yangu mwenyewe na kuyakataa, na siku ile hukuitaja kamwe. Nanjala ananiambia kila alipouliza ulimjibu, "Barasa alinisaidia sana," basi. Ulinificha mimi, na kwa kunificha mimi ukaacha hadithi yao ikae.

Ghala lenyewe limebadilika, ungecheka. Siku hizi madalali wananunua mahindi shambani kabla hata hayajakatwa, na yanayofika kwetu yanapimwa unyevu kwa mashine yenye mshale. Mashine nzuri. Tatizo lake ni kwamba huharibika kila lori la Bwana Matrekta likiingia langoni, na hupona likitoka. Kijana anayeishika ana diploma. Nilimwambia aume punje moja, akaniangalia kama nimemwambia aume nyoka.

Sasa kesho. Nitashuka Bungoma, nitaenda mpaka kwenye ile shule anayofundisha Nanjala, nitangoja atoke darasani. Nitamwambia baba yake aliingia uwanjani peke yake na alisimama mara tatu, na nitamwambia kila mahali aliposimama. Nitamwambia hakuna aliyekubeba wala aliyehitajika kukubeba, na kwamba barua zetu za "anaendelea vizuri" hazikuwa uongo mkubwa kama ule aliousikia kaburini. Nitamwambia mama yake hakukata tamaa hata dakika moja. Alikuwa ndiye peke yake mle hemani mwenye hesabu sahihi. Nitamwambia blanketi lilikuwa langu.

Anaweza kunifukuza. Ana haki. Anaweza kuuliza kwa nini nilisimama kaburini kama mti. Nilikuwa na miaka saba ya mazoezi ya kunyamaza. Akitaka niyaseme tena mbele ya Makokha na Bwana Matrekta siku ya kumaliza matanga, nitayasema. Watasema Barasa amechanganyikiwa na majonzi. Wacha waseme. Mimi sitaki tena waniamini. Niliwahi kuaminiwa na hao watu na unaona kilichotokea.

Kwaheri, Mzee wangu. Nilikupenda kuliko nilivyokutii. Siwezi kukuahidi mengi, maana unajua mimi na ahadi. Nakuahidi moja tu. Kesho nikimwona Nanjala, nitaanza na wewe unavyotembea kutoka langoni, na mambo ya kujitetea nitayaweka mwisho, na muda ukiisha, yabaki.

Ni mimi,
Barasa